Lango la Kumi na Tisa

Lango la kumi na tisa lilikuwa limeshika kutu, na mimi ndiye niliyetakiwa kuliangalia, kwa hiyo lawama za mwanzo nipeni mimi.

Mimi ni fundi wa malango ya maji hapa Ivunde, milimani Upare. Malango yako thelathini, yamepangwa kwenye mfereji mkuu kuanzia ndiva, yaani bwawa letu la juu, hadi mashamba ya mwisho kule bondeni. Kila lango lina mota yake, na kila mota inapokea amri kutoka kompyuta moja kuukuu iliyokaa juu ya kabati la unga, kwenye duka la mikate la shemeji yangu Nakijwa. Msinicheke. Maji ya kaya thelathini yanaongozwa kutoka juu ya kabati la unga, na kwa miaka mitatu hakuna aliyemshikia jirani yake panga mferejini.

Jumatatu ile nilikuwa nashuka na kopo la grisi, maana tulikuwa tunatarajia mgeni. Nilipaka malango kumi na nane ya kwanza bila shida. Nilipofika la kumi na tisa nikashika gurudumu la mkono, halikusogea. Nikachungulia ndani ya gia. Kulikuwa na kutu nyekundu, nene, na buibui alikuwa amejenga humo na kulea watoto.

Lango linalofunguka kila baada ya siku sita halifugi buibui. Hilo hata fundi mvivu kama mimi analijua. Nilisimama pale nikikumbuka kwamba tangu goti langu lianze kunisumbua nilikuwa nikiishia lango la kumi na nane, kisha naandika kwenye kitabu kwamba nimekagua yote. Shamba lililo mbele ya lango lile ni la Mzee Mbazi. Niliangalia kwa juu ya ua, nikaona matuta ya tangawizi hayana hata jani moja.

Nikageuka nikaanza kupanda kilima kurudi dukani. Goti siku hiyo sikulisikia.

*

Nilimkuta Nakijwa ameketi kwenye debe lililopinduliwa, daftari gotini, kalamu mdomoni. Nyuma yake beseni tatu za unga zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Huo ndio muda wake. Akishakanda, unga unahitaji saa moja na nusu kuumuka, na ndani ya saa moja na nusu hiyo shemeji yangu anaandika programu. Unga ukiinua kitambaa, kalamu inawekwa chini, hata kama mstari haujaisha. Amefanya hivyo miaka ishirini na miwili.

Lazima niwaeleze jambo hili linavyochekesha. Programu za dunia hii zinaandikwa na mashine. Programu ya benki, ya hospitali, ya taa za barabarani, zote. Hakuna anayezisoma kwa sababu hazisomeki. Hata mashine iliyoziandika asubuhi, jioni haiwezi kukuambia kwa nini iliandika vile. Zinafanya kazi, na watu wanaridhika. Mtu anayeandika programu kwa mkono, mstari baada ya mstari, sheria inamhesabu sawa na mtu anayefuga njiwa. Anapewa kibali cha burudani, anaachwa na njiwa wake.

Na njiwa wa Nakijwa walikuwa wengi. Kila programu aliiita jaribio na kuipa namba. Jaribio la 8 lilisikiliza kuku na kusema yupi anataka kutaga. Jaribio la 22 lilisikiliza kwaya ya usharika na kuonyesha nani anakosea sauti, likagundua ni mwenyekiti wa kwaya mwenyewe, na Nakijwa akahamishiwa benchi la nyuma mwaka mzima. Jaribio la 37 lilitabiri mkate utaungua lini, na halikuwahi kupatia. Aliyahifadhi yote kwenye madaftari ya shule, yenye madoa ya samli. Nilimwuliza mara moja faida yake ni nini. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza faida ya kuimba.

Jaribio la 63 alilitengeneza kwa ajili ya mchezo, mfereji wa udongo nyuma ya duka na vifuniko vya soda badala ya malango. Wakati huo mfereji wa kweli ulikuwa chini ya mfumo wa kampuni iitwayo Tiririko. Mfumo huo ulimpa maji zaidi yule ambaye shamba lake lingezaa zaidi, na mashamba ya juu ndiyo yaliyozaa, kwa sababu ndiyo yaliyopewa maji. Kuanzia lango la kumi na nane kwenda chini ardhi ilipasuka. Kaya tano zilihama kwa muda. Ndipo kamati ya mfereji, ikiwa imechoka kuandika barua, ikaja kusimama nyuma ya duka la mikate kuangalia vifuniko vya soda vikifunguka kwa zamu, kwa haki. Tukaomba kibali cha muda. Tukapewa. Na Alhamisi ya wiki hii mkaguzi alikuwa anakuja kuamua kama Jaribio la 63 lipewe kibali cha kudumu, litumike hapa na kwenye vijiji kumi na kimoja vya jirani.

Nilimpenda sana mwanamke yule siku zile, kwa namna shemeji anavyoruhusiwa. Nilijivuna naye kuliko alivyojivuna mwenyewe.

"Shemeji," nikamwambia, "lango la kumi na tisa mara ya mwisho limefunguka lini?"

"Juzi. Au jana. Mbona unahema hivyo?"

"Angalia."

Akapanda kiti, akashusha kompyuta, akapuliza unga. Alitafuta kwa kidole, akirudi nyuma wiki kwa wiki, kisha mwezi kwa mwezi. Niliona uso wake ukibadilika polepole.

"Miezi kumi na minne," akasema.

*

Kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja. Nitawaeleza kama alivyonieleza, akiwa ameshika daftari la 63 kwa mikono miwili.

Kila alfajiri programu inapima kina cha ndiva, inagawa maji mafungu matano, inaita kaya tano. Kesho tano nyingine. Siku ya sita mzunguko umekwisha. Rahisi. Lakini hapa kwetu kaya ikifiwa, jembe linalazwa. Watu wa nyumba ile hawalimi, na zamu yao ya maji inakwenda kwa majirani, na majirani ndio wanaolisha msiba. Jembe likiinuliwa, zamu inarudi. Nakijwa aliuandika utaratibu huo wote, na watu walimsifu, kwa sababu Tiririko haikujua msiba ni nini.

Tatizo ni jembe kuinuliwa. Jambo hilo hapa halitangazwi. Zamani mwenyekiti wa mfereji alikuwa akipita, anamwona mfiwa yuko shambani, anarudisha zamu bila kusema neno. Kumwuliza mfiwa kama amemaliza ni utovu wa adabu, na mfiwa kwenda kamatini kusema nimemaliza ni vibaya zaidi. Mtu wa mbali angeandika tu: siku arobaini, basi. Au angeweka swali kwenye simu. Nakijwa kazaliwa hapa, mama yake kamlea vizuri, na mkono wake ulikataa kuandika swali lile. Aliandika: *subiri mpaka kaya ilete taarifa yoyote.*

Tangu hapo tumefiwa mara nne. Mara tatu aliyekufa alikuwa mwenye shamba, watoto wakaleta jina jipya la kuandikisha, na taarifa hiyo ikarudisha zamu. Hakuna aliyegundua. Mara ya nne alikufa Mama Naetwe, mke wa Mzee Mbazi. Shamba lilikuwa kwa jina la mzee na likabaki kwa jina la mzee. Hakuwa na taarifa ya kuleta. Programu ikasubiri.

"Inasubiri mpaka leo," Nakijwa akasema. "Kwa adabu."

Unga ulikuwa umeinua vitambaa vyote vitatu, unamwagika pembeni mwa beseni. Hakuutazama.

Sasa nisikilizeni, maana hapa sikufanya vizuri. Mimi ndiye niliyesema tunyamaze. Nilimkumbusha sheria: programu ya mkono ikimdhuru mtu, inazimwa siku thelathini ichunguzwe, na mfumo wa kampuni unarudi mahali pake. Siku thelathini za kiangazi, tangawizi ikiwa inatafuta maji ya mwisho. Kaya kumi na tatu za chini zingekauka kama zamani, na sidhani zingesubiri uchunguzi uishe. "Rekebisha mstari leo," nikamwambia. "Mimi nitang'oa kutu. Mzee tutamlimia, tutampandia, tutamwomba radhi sisi wenyewe. Alhamisi ipite."

"Kwenye fomu ya ukaguzi kuna swali, shemeji. Je, programu imewahi kumdhuru mtu."

"Fomu ina maswali mengi."

Alilifunga daftari. "Twende kwanza kwa mwenyewe," akasema.

*

Mzee Mbazi alitukaribisha kwenye mabenchi ya barazani kwake, akaomba radhi kwamba hana cha kutupa. Kando ya mlango kulikuwa na ndoo mbili na mti wa kuzibebea begani. Kuanzia pale hadi kisimani ni mwendo wa nusu saa, na kurudi ni kupanda. Kando ya nyumba aliweza kuokoa migomba minne tu, ile iliyozunguka kaburi la mkewe.

Nakijwa alieleza yote bila kupunguza. Mzee alimsikiliza akitazama mikono yake. 

"Kwa nini hukuja, mzee wangu?" Nakijwa akauliza. "Miezi kumi na minne."

"Nije nisemeje, mwanangu?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nilifikiri programu yako imeona. Watu wanasema Jaribio la Nakijwa halikosei. Kila siku ya zamu nilikuwa nakaa hapa, nalitazama lango, halifunguki. Nikasema basi, inajua bado. Wanangu wako mjini, wananiambia kwenye simu, baba sasa yatosha. Majirani nao wameshasahau. Nikaona kitu kimoja tu kijiji kizima kinachojua kwamba mimi bado." Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa nashukuru, kwa kweli. Njaa ni njaa, lakini nilikuwa nashukuru."

Sikujua niangalie wapi. Nakijwa alikuwa analia bila kujificha.

Mzee akaendelea. Alikuwa amesikia habari za mkaguzi. Aliijua sheria kuliko mimi. "Msimwambie," akasema. "Tangawizi yangu imekufa na haifufuki. Wale wenzangu kumi na wawili wa huku chini tangawizi yao iko hai. Mimi ndiye niliyedhurika, na mimi nasema sikudhurika. Andika hivyo."

Njiani nilikuwa na furaha, nawaambia ukweli. Nilimwambia Nakijwa kwamba mambo yamekwisha, mwenye haki amesamehe, nani tena atulaumu. Alitembea mbele yangu mpaka tulipofika lango la kumi na mbili. Pale alisimama.

"Unajua kwa nini naandika kwa mkono?"

"Kwa sababu huna usingizi wa mchana."

"Kwa sababu mtu akija akaniuliza, Nakijwa, kwa nini maji hayakuja kwangu, naweza kufungua daftari nikamwonyesha mstari. Mstari huu hapa, na niliuandika mimi, na nilikuwa nawaza hivi. Tiririko haiwezi. Hiyo ndiyo tofauti pekee kati yangu na wao, shemeji. Si akili. Wana akili kunizidi mara elfu." Alifuta pua kwa kanga. "Nikiufuta mstari nikanyamaza, basi na mimi sisomeki."

Nilikasirika naye mpaka nyumbani. Nilimwambia mke wangu kwamba dada yake ataua bonde zima kwa ajili ya fomu. Lakini hasira ile ilikuwa na kitu kingine ndani yake, na nilipokaa kula nikakijua. Nilikuwa nimeandika kwenye kitabu changu kwamba nimekagua malango thelathini.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, Bi. Ngollo, mtu wa upande wa ziwa, mpole na asiyecheka ovyo. Alikuja na kishikwambi chake kwa ajili ya kupima programu, kama inavyofanywa kwa programu za mashine: unaingiza maswali elfu moja, unaangalia majibu, unapiga mhuri. Nakijwa alimpa fomu. Kwenye swali lile alikuwa ameandika *Ndiyo*, na chini yake jina la Mzee Mbazi, miezi kumi na minne, ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa sita. Nami nilisogea mbele nikaweka kitabu changu mezani, nikaonyesha mahali nilipodanganya. Nakijwa alinitazama.

Bi. Ngollo alisoma fomu mara mbili. "Ukurasa wa arobaini na moja wa nini?"

Nakijwa akampa daftari.

Mkaguzi alilifungua, akakaa kwenye lile debe lililopinduliwa. Alianza ukurasa wa kwanza. Tulidhani ataruka hadi wa arobaini na moja, hakuruka. Kuna mahali alirudi nyuma kurasa tatu, akaguna, akaendelea. Mahali pengine, pale Nakijwa alipotafuta njia ya kugawa maji siku ndiva ikiwa nusu, akafuata mistari kwa kidole na midomo ikitembea. Mikate iliingia tanurini, ikatoka. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja alikaa hapo kwa muda mrefu.

"Nina miaka kumi na saba katika kazi hii," akasema hatimaye. "Nimekagua programu zaidi ya elfu mbili. Hii ndiyo ya kwanza kuisoma." Akalifunga daftari taratibu, akalifuta unga. "Ni nzuri, dada. Ni nzuri sana. Na lazima niizime."

Alikuwa na huzuni kweli, nilimwona. Alieleza kwamba kuanzia Jumatatu mota zote zitachukua amri kutoka Tiririko, siku thelathini. Sheria inazungumzia mota na amri zake, hana pa kupenya. Nakijwa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, maskini, ila mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kukanda.

Nami ndipo nikapata wazo langu la kwanza la maana tangu nizaliwe.

"Mheshimiwa," nikasema, "sheria inasema mota?"

"Mota, ndiyo."

"Hizi mota ni chafu sana. Umeona kwenye kitabu changu, sizikagui. Itabidi nizing'oe zote thelathini nizisafishe. Na nina goti bovu, kazi yangu ni ya polepole. Kama siku thelathini hivi."

Bi. Ngollo akanitazama. "Na maji?"

"Kila lango lina gurudumu la mkono. Nina spana."

"Nani atakuambia ufungue lipi, na kwa muda gani?"

 Nilinyoosha kidole tu, kwenye daftari lililokuwa mapajani mwake. Aliinamisha macho akaliangalia, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona meno yake. "Daftari halina mota," akasema, akampa Nakijwa mali yake.

*

Na ndivyo tulivyofanya. Kila alfajiri Nakijwa alipanda hadi ndiva kupima kina kwa fito, akafanya hesabu kwa kalamu, kisha tukashuka na mfereji, yeye akisoma na mimi nikizungusha. Watu wa juu walikuja kutazama, kisha wakaomba kujaribu. Mke wangu alisoma siku ya pili. Mwenyekiti wa kwaya alisoma siku ya tatu, kwa sauti kubwa mno, na aliponda mstari mmoja ambao Nakijwa alikiri kwamba kweli umeandikwa vibaya. Kwa siku chache kijiji kizima kilijua mfereji wake unavyofikiri. Nilikuwa nimeishi hapa miaka hamsini na mbili na sijawahi kuona kitu kama kile, na nilimtazama yule mwoka mikate mwenye kalamu sikioni nikajisikia fahari.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya lango la kumi na tisa.

Mzee Mbazi alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, amevaa shati safi. Nilikuwa nimeshang'oa kutu na kuhamisha buibui. Nakijwa alifungua ukurasa wa arobaini na moja. Chini ya mstari wa sita alikuwa ameongeza mpya, kwa wino mwingine: *siku ya saba baada ya maziko, mtu aende akaulize. Mtu, si kompyuta.* Alisoma mstari huo kimoyomoyo, nikaona uso unamwaka kwa aibu. Swali lile halijawahi kuulizwa Ivunde, na yeye ndiye aliyepaswa kuliuliza, mbele ya kaburi.

"Mzee wangu," akasema, "nisamehe. Umeshainua jembe?"

Mzee Mbazi aligeuka akaitazama migomba minne. 

"Bado," akasema. "Lakini maji leta."

Nakijwa aliketi palepale kwenye ukingo wa mfereji, akatoa kalamu sikioni, akaukata wote mstari wa sita, ule wa kusubiri. Kisha akanionyesha lango, nami nikazungusha.